Fundi wa Chini ya Ngazi na Herufi Zake Tatu

Sitamtaja jina. Gasper nitamtaja, Salome nitamtaja, lakini yeye atabaki Fundi, kama mtaa mzima ulivyomwita. Hata kibao chake kiliandikwa FUNDI KOMPYUTA tu, na mshale unaoelekea chini ya ngazi. Mimi nilikuwa mfagizi wa jengo hilo, Mtaa wa Narung'ombe, miaka tisa. Mfagizi aliyeishia darasa la nne huko Lindi. Leo nusu ya Kariakoo wananiita Mama Kebo, yaani yule mwanamke aliyenasa waya na dekio akaua kompyuta za ofisi nzima. Sikunasa waya wowote. Wanaojua hivyo ni watu wanne: mimi, Gasper, Salome na Fundi. Na aliyejua vizuri kuliko wote ni Fundi.

Lakini kwanza niseme alivyokuwa. Nikianza na ubaya wake mtadhani alikuwa mtu mbaya, na mimi ningekuwa na nafuu sana kama angekuwa mtu mbaya.

Alikuwa mwembamba, miwani yake imefungwa kwa solotepu nyeusi ya mafundi umeme, na mfuko wa shati umejaa bisibisi mpaka shati linalala upande mmoja. Kompyuta yoyote ukimletea, kabla hajauliza ina nini, aliinusa. Aliinama, pua kwenye matundu ya nyuma, macho kafumba. "Harufu haidanganyi," alikuwa akisema. "Mwenye mashine ndiye anayedanganya." Halafu alichukua brashi ya kupakia rangi, ya inchi mbili, akaanza kufagia ndani. Mle ndani mwa mashine za Kariakoo mna mambo. Mna nyuzi za vitenge, mna mbawa za mende, mna unga. Siku moja ilikuja mashine kutoka ghala la mchele, akaifungua akakuta panya wachanga watano, wekundu, macho bado. Aliwatoa kwa kijiko cha chai, mmoja mmoja, akawaweka kwenye boksi la viatu.

"Bibie," akaniita, "hawa tuwapeleke wapi?"

"Fundi, si panya hao? Watupe."

"Watupe wewe. Mimi mkono hauendi."

Nikawatupa mimi. Nilicheka siku ile. Baadaye nikaja kuelewa kwamba nilikuwa nimeonyeshwa kitu, nikakosa akili ya kukiona.

Watu wa Kariakoo wote wanaita lile sanduku zima CPU. "Fundi, sipiyu yangu haiwaki." Hilo lilimkera kama mtu aliyetukanwa. "Hilo ni sanduku!" alifoka. "CPU ni kidude hiki hapa, kinakaa kwenye kiganja. Wewe mtu akikuonyesha nyumba utaiita baba mwenye nyumba?" Mteja alicheka, akatoka, na keshokutwa alirudi akasema tena sipiyu.

Kilichotukutanisha mimi na yeye ni herufi. Mimi ndiye niliyeteremsha mashine za ofisi za juu, nikimaliza kudeki, kwa sababu vijana wa ofisini waliona aibu kubeba mzigo. Kila mashine Fundi aliifunga kadi kwa uzi, kadi ya boksi la dawa ya mswaki iliyogeuzwa, na juu yake aliandika herufi. RAM. HDD. IP. Nikamwuliza, Fundi, haya ni maandishi ya nani, mbona hayasomeki? Mtu mwingine angeniambia dada, we beba ndoo yako. Yeye alivuta stuli, akafuta mikono kwa kitambaa.

"RAM," alisema, "ni Rafu ya Akili, Muda mfupi. Unakumbuka daftari la rafu shuleni? Unafanyia hesabu, halafu huna haja nalo. Umeme ukikatika, rafu inafutika. HDD ndiyo daftari safi. IP hiyo ni rahisi, ni Ilipo. Kila mashine ina Ilipo yake, kama namba ya nyumba."

"Na DNS?"

"Hapa Kariakoo unaniuliza DNS? Ni Dalali wa Namba na Sehemu. Wewe unajua jina la duka, hujui liko wapi. Unamuuliza dalali, anakupeleka."

USB kwake ilikuwa Usichomoe, Subiri Bwana. Na UPS, lile boksi zito la betri linaloshikilia umeme dakika chache ili mashine zisife ghafla, aliniambia maana yake ni Usichomeke Pasi, Sista. "Pasi, jiko, birika, chochote cha kupasha moto. Ukichomeka humo, umeua boksi, na boksi likifa vibaya linaondoka na wenzake. Unasikia?" Nilisikia. Mimi nilidhani ndivyo herufi zilivyo kweli, huko zilikotoka. Miaka miwili mizima nilidhani Wazungu walikaa wakaandika Usichomeke Pasi, Sista.

Aliyenifumbua macho ni mwanachuo mmoja aliyekuja kwa Fundi kujifunza kazi. Alisikia RAM ya Fundi akacheka mpaka akashika ukuta. Akaitaja yenyewe, kwa Kiingereza, maneno matatu marefu. Nilimtazama Fundi, nikitegemea atakasirika. Wapi.

"Umesema kweli, mwanangu," alimwambia. "Hayo ndiyo yenyewe. Sasa mweleze huyu mama kile kitu kinafanya kazi gani."

Kijana akaanza. Akasema inahifadhi, halafu akasema haihifadhi, akaingiza Kiingereza kingine, jasho likamtoka. Fundi akapuliza kahawa yake. "Unaona," alisema. "Wewe una jina lake. Huyu ana kazi yake."

Ndiyo maana nasema ni vigumu. Hakuna mtu kabla yake aliyewahi kukaa chini akanieleza kitu mpaka kikaingia.

Sasa herufi tatu zenyewe. Kulikuwa na kadi ambazo ziliandikwa TKK. Mashine yenye TKK ilirudishwa kwa mwenyewe siku ileile, na Fundi hakuchukua kitu, maana alikuwa na mwiko huo: asipotengeneza halipwi. Nilimbana siku nyingi aniambie, akikwepa. Mwisho alichungulia nje, akanisogelea.

"Tatizo Kati ya Kiti na Kibodi."

Nikafikiri. Kati ya kiti na kibodi kuna nini? Nikamwona mtu ameketi. Nikaziba mdomo kwa kanga.

"Shh! Ukimwambia mtu, tumekwisha wote wawili."

Mashine nzima, mgonjwa ni aliyeikalia. Mama mmoja wa vitenge alileta kompyuta akilia kwamba skrini imekufa, kumbe alibonyeza mwanga ukashuka mpaka chini. TKK. Mwingine, mwenye duka la vipuri Gerezani, alikuja na hasira kwamba mashine inaandika herufi kubwa tu, inamgombeza. TKK. Alipewa kadi yake akaitia mfukoni kwa heshima kama cheti cha hospitali. Na Gasper, meneja wa ofisi ya uwakala wa mizigo ghorofa ya tatu, huyu alikuwa na kadi hizo karibu kila wiki. Nilikuwa nampelekea kwa mikono miwili: "Bosi, kadi yako." Anaisoma, anatikisa kichwa, "Ahaa, TKK tena. Hizi mashine mbovu sana." Nikitoka hapo nashuka ngazi nikicheka peke yangu. Kwa mtu ambaye siku nzima anatumwa, lete, toa, futa, ile siri ilikuwa chakula.

Lakini Fundi alikuwa na upande mwingine. Kwa mama wa vitenge alikuwa simba. Mtu mwenye tai akitokea, alipungua. Sauti iliteremka, mabega yakaingia ndani, "ndiyo mkuu, sawa mkuu, nimeelewa mkuu." Mara tatu nilimsikia akimwambia Gasper anunue diski ya kuwekea nakala za kazi za ofisi, na mara tatu Gasper alimjibu, "Fundi, wewe unatafuta biashara." Mtu mwingine angesema, basi niandikie kwamba umekataa. Yeye alisema sawa mkuu. Kwenye ngazi akaniambia, "Siku seva ikifa, ile mashine mama yenye kazi zote, huyu atalia." Mbele za watu hakusema. Ukweli wake wote aliusema kwenye ngazi, au kwenye kadi, kwa herufi.

Na sababu naijua. Pale chini ya ngazi palikuwa pa tajiri mwenye ofisi ya ghorofa ya tatu, ambaye jengo lote ni lake. Fundi alikaa pale kwa hisani. Siku tajiri akisema ondoka, anaondoka na bisibisi zake.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, saa nne. Soketi ya ukutani ya ofisini ilikuwa imekufa tangu juzi yake. Niliingia kuchukua vikombe nikakuta Gasper amechomeka birika la umeme kwenye UPS ya seva, maji yanaanza kuimba. Salome, mhasibu, amekaa pembeni na simu.

Nikasema, "Bosi, samahani, hiyo ni ya UPS. Fundi amekataza vitu vya moto."

Gasper hakugeuka. "Wewe umekuja kudeki au umekuja kufundisha?"

Salome akacheka. "Mwache bwana, siku hizi ni injinia."

Nikachukua vikombe. Sikufika mlangoni, lile boksi likalia piii, mlio mmoja mrefu, ikaja harufu ya plastiki na nywele zilizoungua, na taa zote za seva zikazimika. Ndoo yangu ilikuwa koridoni, dekio liko ndani ya ndoo. Ndani ya ofisi ile siku hiyo sikudeki hata kigae kimoja.

Fundi alikuja mbio. Akainama, akanusa. Akainuka, akalitazama birika lililokuwa tayari limerudishwa juu ya kabati. Akaligusa. Nilimwona akiligusa kwa nyuma ya kidole, jinsi unavyompima mtoto homa, na nilimwona akiondoa kidole haraka kwa sababu lilikuwa la moto. Alishusha seva mwenyewe. Jioni nilipopita, kadi ilikuwa imeshafungwa. TKK.

Siwezi kueleza nilivyofurahi. Kwa sababu mchana ule Gasper alikwishaanza kusema kwenye simu kwamba mfagizi amechomoa waya. Kazi zote za ofisi zilikuwa zimekwenda, nakala hakuna, wateja wamejaa mlangoni, na tajiri alikuwa anakuja kesho. Mimi nilikuwa na watoto wawili, nimefiwa na mume, na chumba Buguruni. Lakini nilipoona zile herufi nikasema moyoni, Fundi ameandika.

Kesho yake tukaitwa juu. Tajiri amekaa katikati, Gasper kulia, Salome kushoto. Mimi na Fundi tumesimama. Kadi iko mezani.

Tajiri akauliza kilichotokea. Gasper akasema alikuwa anafanya kazi zake, mama huyu akaja na dekio, akanasa kebo, ikachomoka. Tajiri akamgeukia Salome.

"Mimi nilikuwa kwenye simu," Salome akasema. "Nilisikia tu kishindo."

"Kishindo gani, Salome?" nikasema. "Si ulikuwa unanicheka?"

"Nyamaza, hujaulizwa," Gasper akasema.

Tajiri akaichukua kadi. "Fundi kaandika TKK. Ndiyo nini?"

Mimi nikawahi. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilisema, "Tajiri, shikamoo. TKK ni Tatizo Kati ya Kiti na Kibodi. Maana yake mwenye kosa ni mtu aliyeketi. Mimi kwenye ofisi hii sina kiti. Miaka tisa sijawahi kukaa humu. Aliyeketi na kibodi mbele yake ni huyu."

Nikamwonyesha Gasper kwa kidole. Tajiri alikuwa karibu kucheka, naapa niliona ndevu zake zikicheza. Kama Fundi angesema ndiyo, neno moja tu, yangekwisha pale.

"Fundi, ni kweli?"

Fundi alivua miwani. Akaanza kuifuta kwa ncha ya shati, kioo hiki, kioo kile, akirudia. Akasema, akiongea na ile miwani:

"Hapana, mkuu. Huyu mama nilimtania siku moja. TKK ni Tatizo la Kuchomoka Kebo."

Nilijua hapohapo jinsi lilivyomjia. Yule alikuwa hodari wa kuzipa herufi maneno. Unampa tatu, anakupa sentensi imekaa vizuri kama nguo ya kushonewa. Kipaji kilekile alichonifundishia ndicho alichonizikia. Na lilikaa vizuri! Kuchomoka, kebo, dekio, mfagizi. Hata mimi ningeamini.

Gasper alinipeleka polisi kwa uharibifu wa mali. Nilikaa mahabusu siku mbili, nikatoka bila kesi kwa sababu hakuna aliyekuwa na ushahidi, ila kazi ilikwisha. Kila jengo nililokwenda kuomba ufagizi, kuanzia Msimbazi mpaka Mtaa wa Sikukuu, kulikuwa na mtu aliyenifahamu. "Wewe si yule Mama Kebo? Hapa tuna kompyuta, mama." Buguruni nikashindwa, nikahamia Jangwani, bondeni, chumba cha bei ya mtu asiye na pa kuchagua. Mvua kubwa ilipokuja tuliamka maji yako kitandani. Watoto niliwapandisha juu ya paa la jirani, bati likanipasua goti, mpaka leo nachechemea. Wapo majirani hawakupanda. Watu wanasema ni kazi ya Mungu. Mvua ilikuwa ya Mungu, sikatai. Kunipeleka bondeni ilikuwa kazi ya Gasper, na ya Salome, na ya mtu aliyekuwa anafuta miwani.

Nilisikia kwamba Fundi naye alifukuzwa pale chini ya ngazi, hata miaka miwili haikupita. Tajiri alitaka pawekwe duka la vifuniko vya simu. Kwa hiyo alichokilinda hakikumfaa hata yeye. Sikufurahi, nawaambia kweli. Nilitaka kufurahi, nikatafuta furaha yenyewe nikaikosa.

Siku hizi nafua ovaroli za mafundi magari Gerezani. Naenda kuzichukua, nazirudisha. Mwaka huu, kabla ya mfungo, nilikuwa napita kwenye vibanda vya karibu na njia ya mabasi ya mwendokasi nikaona mzee amekaa kwenye kreti la soda, anatengeneza chaja kwa kupapasa. Jicho moja lina utando mweupe, la pili linaelekea hukohuko. Aliinua chaja akainusa.

Nilisimama. Nilikuwa nimemwandalia maneno miaka yote hii.

"Nani hapo? Unaniziba mwanga."

"Mimi."

"Mimi ni wengi."

"Mama Kebo."

Bisibisi ilitulia. Sikumwamkia, na yeye alisubiri nimwamkie, mdomo uko tayari na marahaba yake. Mwisho akasema polepole, "Usijiite hivyo, bibie."

"Jina si ulinipa wewe? Mwenzio naitikia."

Akasogea, akanipa nusu ya kreti nikae. Nikakataa. Akaiweka chaja chini.

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Gasper?"

"Gasper ni nani. Niliogopa kurudi kutembeza mkoba. Umri ule, natembea mlango kwa mlango, una kompyuta mbovu, una kompyuta mbovu." Akapangusa jicho kwa nyuma ya mkono, sijui utando au machozi. "Kila siku nilisema nitakutafuta."

"Kariakoo nzima ilijua nilipo. Walinipa jina, si nilikuwa nasikika?"

Nikamwambia sikuja kutafuta pole, pole nimeshiba. Nataka aandike. Kiswahili, maneno mazima, asiweke herufi hata moja ya peke yake.

"Sioni kuandika, mama."

"Nitaandika mimi. Wewe sema."

Nilinunua daftari kibanda cha pili. Niliandika nimesimama, nimeegemea meza yake, na mwandiko wangu wa darasa la nne. Alisema taratibu, akiningoja. Kwamba asubuhi ile meneja Gasper alichomeka birika kwenye boksi la betri. Kwamba yeye Fundi aliligusa birika na lilikuwa la moto. Kwamba mfagizi hakunasa wala kuchomoa waya wowote. Kwamba mbele ya tajiri alisema uongo. Hapo kwenye uongo nilimwuliza, niandike hivyo hivyo? Akasema, "Andika hivyo hivyo. Usinilainishie." Nikamshika mkono nikauweka kwenye mstari, akatia sahihi yake kubwa, ikapanda juu ya maneno.

Halafu hakuuachia mkono wangu.

"Nina ombi. Usiitoe mpaka nife."

"Kwa nini?"

"Mjukuu wangu kachukuliwa kazi pale juu. Ofisi ileile. Gasper bado meneja. Wakiiona hii, kesho tu mtoto yuko nje."

Nilimtazama. Ni bibi gani asiyejua hilo? Ninao wajukuu. Nikasema sawa, Fundi. Akashusha pumzi, akaniombea dua ndefu, na mimi nikaitikia amina.

Karatasi nimekaa nayo miezi minne chini ya godoro. Kila nikigeuka naisikia. Yule mjukuu sina ugomvi naye, na likimpata baya litaniuma. Lakini na mimi nilikuwa na watoto, na hakuna aliyeuliza kesho yao. Na nimefikiri kitu kingine. Fundi akifa, nikitoa karatasi hii, Gasper atasema mzee alikuwa kipofu, mama kaandika mwenyewe, kamshika maiti mkono. Na atakuwa na haki ya kusema hivyo, maana mwandiko ni wangu kweli.

Kwa hiyo nilisema sawa, na sikungoja; karatasi naitoa leo. Fundi yu hai. Anakaa Gerezani, kibanda cha chaja, upande wa njia ya mwendokasi, kuanzia saa mbili asubuhi. Mwendeeni mkamuulize. Mimi nitakuwepo, nitasimama mbele yake, na safari hii hana miwani ya kufuta.